Kura ya Zambarau

“Tuliza mkono, bwana! Unaniharibia kazi,” Brashi alisema, akamchapa vidole yule kiumbe aliyeketi mbele yake.

Brashi ndilo jina walilompa pale studioni, na hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kumpaka rangi Zambarau, mateka wa vita kutoka sayari ya adui, katika Korti ya Angani, mchezo wa runinga uliokuwa ukiacha mitaa mitupu kila Ijumaa jioni. Uso hakuugusa. Kiumbe aliletwa amekwisha kuvikwa kinyago cha mpira, kimegandishwa kwa gundi mpaka mdomoni, na sauti alitiwa na mtu mwingine. Brashi aliachiwa shingo, masikio na mikono. Rangi aliichanganya mwenyewe, na alijigamba kwamba jasho, sabuni, hata mafuta ya taa havikuiweza. Iliyoiweza ni dawa yake tu, ile ya kwenye kopo mkobani mwake.

Siku zote aliyevaa kinyago alikuwa mwigizaji mmoja mwenye kitambi, mpenda utani hata kama mdomo umezibwa. Leo gari lisilo na madirisha limeshusha mtu mwembamba, mikono tayari iko kwenye pingu.

“Huyu mbadala,” msimamizi alieleza, kasimama mlangoni. “Watazamaji wakisema afe, kuna kuanguka. Yule bonge akianguka nani atamwinua? Joho litafunika wembamba.”

Brashi alicheka mpaka brashi ikamtikisika mkononi.

Kuongea na waigizaji kulikatazwa, eti wasitoke kwenye uhusika. Lakini simu ilipoita na msimamizi akampa kisogo, Brashi alishindwa kuvumilia. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni.

“Ukifa vizuri leo umeniokoa,” alimnong’oneza, huku akimpaka nyuma ya sikio. “Prodyuza kanihakikishia. Ukisamehewa, ni amani, na amani haina kazi ya rangi. Ukiuawa, jeshi lenu zima linakuja kulipiza kisasi, na askari wote hao nawapaka mimi. Ajira ya kudumu! Nitamwekea wakili mdogo wangu. Yuko ndani tangu uchaguzi. Kosa lake? Kusimama barabarani kudai kura zihesabiwe upya. Mama haruhusiwi hata kumwona.”

Kiumbe alianza kutetemeka. Alitoa mlio puani, akamng’ang’ania Brashi kiganja, machozi yakichuruzika kutoka kwenye matundu ya kinyago mpaka kwenye rangi mbichi.

“We! Hayo machozi kayatoe mbele ya kamera,” Brashi alimkaripia, akabandua vidole vyake kimoja kimoja, akaanza shingo upya. Moyoni lakini alimvulia kofia. Yule bonge hakuwahi kulia hivi.

Alipomaliza alilitoa lile kopo, tayari kumsubiri amsafishe baada ya mchezo kama kawaida.

“Leo nenda kapumzike,” msimamizi alisema. “Tutamwosha wenyewe.”

Brashi hakungoja aambiwe mara mbili. Nyumbani alimkuta mama yake kashika tama mbele ya runinga, simu mapajani. Jaji wa sayari alikuwa anasoma mashtaka, na chini yake maandishi yanapita: bonyeza moja apone, bonyeza mbili afe. Kura ni yako, haki ni yako.

“Mimi nampa moja,” mama alisema. “Maskini, leo kakonda. Na yeye ana mama yake huko kwao.”

“Mpira na gundi vina mama? Jamani! Mwanao anaozea ndani, wewe unamlilia mtu wa mchezo. Akifa huyu, mwanao anapata wakili. Nikueleze mara ngapi?”

Mama aliitazama runinga, akaitazama picha ya mwanawe ukutani. “Mungu anisamehe,” alisema, akabonyeza mbili.

Na mama huyo akishaamua, ameamua. Alitoa kichwa dirishani akawapigia kelele majirani wote wabonyeze mbili. Alimbembeleza hata yule jirani wa mlango wa pili, ambaye walikuwa hawasemeshani tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo.

Mbili ikashinda. Jaji akatangaza kwamba wananchi wamesema. Zambarau alipiga magoti, akaielekea kamera, akawa anatikisa kichwa, anatikisa tu.

“Anamwangalia nani?” mama aliuliza.

“Sisi watazamaji. Ndivyo wanavyofundishwa.”

Askari waliinua bunduki zao za mwanga. Zambarau alianguka, akarusha miguu kwa muda mrefu, mrefu kuliko walivyozoea kuona kwenye filamu. Mama alifumba macho. Brashi alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Asubuhi prodyuza alimtumia ujumbe: karibu kazini, jeshi linakuja. Brashi alipiga kigelegele, akakimbilia jikoni kumpa mama habari. Alimkuta ameketi sakafuni, miguu kainyoosha, simu imemponyoka. Bado ilikuwa inaongea, kwa sauti ya upole ya ofisa wa gereza.

“...ni ghafla tu, mama, jana jioni, moyo ulisimama. Mwanao mnaweza kuja kumchukua mchana. Tumemwosha vizuri, ila mtuwie radhi hapo mikononi, shingoni na nyuma ya masikio. Tumesugua kwa sabuni, tukajaribu na mafuta ya taa, hiyo zambarau imekataa kutoka.”