Kioo cha Nyuma

Mgeni alilishika boksi la kamera kinyume. Bonifasi alimwacha kwanza, akidhani ataliona kosa lake mwenyewe, lakini mtu huyo aliendelea kuchungulia kioo cha nyuma na kukifuta kwa kiganja. Kile cha mbele hakukijali kabisa.

Jina lake Elieza. Kabla vita havijawasukuma majini, alikuwa mpiga video za harusi huko Baraka, ng'ambo ya ziwa. Wenzake walivuka na magodoro na masufuria. Yeye alivuka na kamera shingoni. Sasa aliishi kambini na mkewe Regina, na alikuwa amekuja Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma, kutafuta chombo cha kuiingizia kamera hiyo ishuke chini ya maji bila kulowa.

Kigoma nzima, chombo cha namna hiyo alikuwa nacho Bonifasi peke yake. Alizamia miaka mingi kukamata samaki wa urembo kwa ajili ya tajiri mmoja wa kigeni. Tajiri alipoona wakimbizi wanashuka kwa maelfu, alifungasha virago, akamwachia mitungi ya hewa na makorokoro mengine. Humo mlikuwa na vyombo viwili vya kamera. Kimoja ni mfuko laini wenye kioo safi mbele, ila mgongoni ni mpira mweusi mtupu. Cha pili ni boksi la chuma, zito, lenye vioo pande mbili: cha nyuma kizima, cha mbele kimekwanguliwa na mchanga mpaka kimeingia ukungu.

Bonifasi hakuhitaji kuuliza kamera inafuata nini majini. Alikuwa miongoni mwa waliotoka na mitumbwi asubuhi ile boti ya wakimbizi ilipopinduka. Dainess, binti wa Elieza, mtoto ambaye hata meno yalikuwa hayajaanza kung'oka, alikuwa humo na shangazi yake; baba na mama walipakiwa boti ya nyuma. Shangazi alipatikana. Mtoto hakupatikana.

Wazee wa kambini walishauri uzikwe mgomba badala ya mwili, kama ilivyo desturi, matanga yaanuliwe na watu wapumue. Regina alikataa. Alisema hawezi kuufukia mgomba wakati mwanawe yuko majini. Tangu hapo alikuwa haogi, na chakula alikula kwa kulazimishwa.

Basi mama anataka kuona, Bonifasi alijiambia, na nani wa kumlaumu? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini moyo ulimuuma, kwa sababu alijua jambo ambalo hakuthubutu kulitamka. Pale boti ilipozama, ziwa halina chini ya kufikiwa na mtu. Mtungi wake ungemfikisha giza linapoanzia tu, kisha arudi. Alikuwa ameshaamua: atashuka, atapiga picha maji matupu, atapanda, atawaambia kwamba ametafuta kote na mtoto amelala salama.

Angalau picha iwe safi. Akamsogezea mfuko.

"Chukua huu, kijana wangu. Kamera inaonea mbele. Nyuma ni pa mpigaji kutazamia tu."

"Ya nyuma njo nataka, papa," Elieza alijibu kwa Kiswahili cha ng'ambo, ambako ndiyo ni njo na kila mzee ni papa.

Akauliza kama sauti hupita kwenye chuma kile. Bonifasi alimjibu kuwa hupita kidogo, kwa kufifia, ila huko chini hakuna cha kusikiliza. Akamwonya pia kuwa boksi lile halielei. Likimponyoka mtu limekwenda. Elieza akasema hilo si neno. Alichokagua kwa makini ni mpira wa kuzuia maji, akiupitisha kidole taratibu kama mtu anayetafuta mwiba.

Kwa ajili ya msiba, Bonifasi alitaka kumwazima bure. Elieza alitikisa kichwa. Cha kuazima hakukitaka. Aliacha pale taa zake zote za harusi na stendi yake ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera, akatoka amelikumbatia boksi. Bonifasi alibaki akiitazama mali ile na kusikitika kwamba ukimbizi humvua mtu hata kazi yake.

Siku ya kwenda, ziwa lilitulia kama maji ya kwenye beseni. Regina alikuja ameoga, amesuka nywele, amevaa kitenge cha sikukuu. Bonifasi alistaajabu kidogo, kisha akajiambia kuwa kila mtu ana namna yake ya kulia.

Walipofika mahali penyewe alizima injini.

"Ni hapa," alisema.

Akavaa mtungi, akalowesha miwani yake, akanyoosha mkono apewe kamera. Elieza hakumpa. Alikifungua kioo kidogo cha pembeni mwa kamera, kile cha kutazamia picha, akabonyeza, na humo akatokea Regina, katika kitenge kilekile na misuko ileile, anatabasamu kwa uso mzima na kumwimbia mtoto wimbo wa kulala.

Elieza akaiingiza kamera ndani ya boksi, picha ikitazama kioo cha nyuma, na kulibana pande zote, na wimbo ukawa mwembamba. Regina akalipokea, akalibusu, akakigeuza kioo cha nyuma kielekee chini, akaliachia.