Kilio cha Bi Mwanasiti

Jeneza la mumewe lilipotolewa mlangoni, Bi Mwanasiti aliangua kilio mpaka wanawake wakamshika asianguke. Watalii waliokuwa wakipita uchochoroni wakasimama, wakainua kamera. Aliyekuwa akiwatembeza ni Shaibu, mtoto wa kaka yake. Akamsogelea shangazi yake, macho ameyainamisha.

"Shangazi, pole sana. Wageni wanaomba... ulie tena kidogo. Picha hazikutoka vizuri."

Bi Mwanasiti alimkodolea macho kama hamjui. Kilio kilimkatika.

"Shaibu," akauliza polepole, "huyo aliyebebwa ni nani kwako?"

Nyuma ya Shaibu mtalii mmoja alikuwa amepanda juu ya baraza alipozoea kukaa marehemu, kamera usoni, anasubiri.