Nafasi ya Tamsin

Lodi Ashcombe, bwana mkubwa mwenye kiti bungeni, alikuwa ameketi mbele ya mchoraji tangu asubuhi, wigi jeupe likimwasha kichwa. Mkewe, Honoria, alikuwa kulia kwake, na wana wao wawili wamesimama nyuma. Picha hiyo ya familia ilikuwa itundikwe ukumbini kabla ya uchaguzi, ili wakubwa wa chama chake wakija waione familia yake.

Msichana mmoja akapita mlangoni na kapu la matufaha. Huyo alikuwa Tamsin, aliyezaliwa na mfuaji nguo wa nyumba ile, na pua yake ilikuwa ya Lodi kabisa. Mji mzima ulijua.

"Tamsin," Honoria aliita. "Weka kapu chini, mwanangu. Njoo usimame na sisi."

Lodi alishtuka. "Mke wangu, watu watasema! Nitakikosa kiti changu bungeni."

"Wanasema miaka yote, bwana. Mimi nimechoka kujifanya sisikii."

Mchoraji alishusha brashi, akingoja amri. Lodi alimtazama msichana, aliyekuwa akijifuta mikono kwenye aproni, macho chini. Moyo wake, uliozoea kupima kila jambo kwa kura, ukalainika.

"Njoo karibu yangu, binti yangu," akasema, na neno hilo halikumkwama kooni hata kidogo.

Yule mwana mdogo wa Lodi akasogea kumpisha dada yake. Tamsin hakujua aweke wapi mikono. Mwishowe akauweka mmoja begani kwa baba yake, taratibu, kama anayegusa rangi ambayo bado haijakauka.