Usingizi wa Koki

Pauline aliichomoa simu chini ya mto, akaizima, akaificha ndani ya mkebe wa unga. Koki hakushtuka. Alikuwa amelala juu ya noti zake, kalamu mkononi, na saa tatu ya usiku haijafika.

Kesho ilikuwa sapu yake ya mwisho, mtihani wa kurudia. Akianguka, chuo kinamfukuza, na wazazi wake kule Chala watakuwa wamemsomesha bure.

Na angekosaje kuanguka? Tangu arudi kutoka likizo, akiacha mahindi ya kwao yanaanza kukomaa, simu ndiyo ilikuwa mumewe. Usiku kucha, kila baada ya saa moja, alipiga na kunong'ona kwa Kikamba, lugha ambayo Pauline, Mtaita wa Wundanyi, hakuielewa. Darasani alisinzia mpaka mate yanamtoka. Hosteli yao hapo Voi ilijaa wagonjwa wa simu, lakini huyu alikuwa amezidi.

"Kwani ni nani huyo?" Pauline alimwuliza wiki iliyopita.

"Siwezi sema. Amenikataza, anaona aibu."

"Mume wa mtu?"

Koki alicheka kidogo, macho mekundu. "Wacha, Pau. Nikilala mimi, naye atalala."

"Si alale! Kwani ni mtoto?"

Koki akajifunika blanketi.

Asubuhi aliamka saa mbili kasorobo, akapapasa chini ya mto, akapindua godoro. "Simu yangu! Pau, iko wapi?"

"Utaipata ukitoka mtihani."

"Nipige mara moja tu. Tafadhali, hata kwa yako."

Mlevi naye husema moja tu. Pauline alimshika mkono, akamkokota hadi kwenye ukumbi wa mtihani, akamsukuma ndani. Roho ilimuuma, lakini hakulegea.

Saa tano Koki alitoka. Alikuwa amejibu maswali yote, na macho yake yalikuwa meupe kwa mara ya kwanza muhula huo. Pauline alijawa na fahari, wacha mtu aseme. Akaitoa simu mfukoni, akaiwasha mwenyewe, akamkabidhi.

Ujumbe uliingia papo hapo. Koki aliusoma, akaketi chini kwenye vumbi, simu ikamtoka mkononi. Pauline akaiokota. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili.

"Koki, ni Mbuvi jirani. Mama yako anauliza mbona jana hukumpigia baba yako kumwamsha. Usingizi ulimchukua akilinda shamba, na ndovu wakaingia. Njoo tumzike."