Pindo la Kanga Kwenye Waya

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, ukungu umelala juu ya mteremko, na trekta kuukuu la marehemu Shomvi lilikuwa bado halijagusa shamba. Mjane wake, Bi Sikudhani, alisimama akimtazama fundi Kibwana.

"Miaka ishirini halichaji betri," alimwambia. "Kila asubuhi tuliliteremsha mpaka liwake. Yeye akisukuma, mimi kitini naachia klachi. Watu wakicheka, mwanamke juu ya trekta! Naye akiwajibu, 'Basi mlitaka asukume yeye?'"

Fundi aliuvua mkanda wa dinamo, ile mashine inayochaji betri, akaiunganisha na betri aliyokuja nayo. Ikazunguka yenyewe, ikinong'ona.

"Dinamo nzima kabisa, mama." Akapapasa nyuma ya dinamo, akavuta waya. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa kitambaa na kufungwa vizuri. "Huu haukukatika. Mtu aliuchomoa makusudi."

Bi Sikudhani alikitambua kitambaa. Kilikuwa pindo la kanga yake, iliyochanika mwaka ule alipomwomba mumewe amfundishe kuendesha, naye kesho yake akasema trekta halichaji tena, akamketisha kitini.

Fundi alimpa pindo, akaunga waya, akarudisha mkanda, akafunga betri. "Sasa piga starta tu. Huhitaji tena mtu wa kukusukuma."

Bi Sikudhani alipanda, akafunga pindo lile kwenye usukani. Starta hakuigusa. Aliachia breki, akangoja. Trekta likaanza kuteremka ndani ya ukungu, polepole, kama linalosukumwa na mtu asiye na haraka.