Umri wa Nyumba

Mgeni alikuwa ameshaingia uani na kiganja chake kiko ukutani kabla mshonaji hajamwona. Alikuwa bibi mfupi, sweta limefungwa vifungo hadi shingoni. Hakuwa amebisha hodi. Alipapasa ukuta taratibu, kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani.

Mshonaji aliacha nguo ya watu kwenye cherehani, akatoka na mkasi mkononi. Hata shikamoo aliisahau.

"Unatafuta nini, Bibi?"

Bibi alisema alikuwa akipita tu. Lakini njia ile iliishia kwenye geti la mshonaji. Hapakuwa na mtu aliyewahi kupita tu.

Shaka yake ilikuwa na sababu. Nyumba hii aliinunua kwa jasho la cherehani, akiambiwa haijafikisha miaka kumi. Muuzaji, bwana wa tai na maneno laini, aliapa kuwa ameijenga mwenyewe tangu msingi. Rangi mpya, bati jipya, kila kitu kinang'aa. Mvua za kwanza ziliponyesha, lipu ilibambuka, zikaonekana kuta zilizochoka kabisa, na ufa ukapanda mpaka juu ya kitanda cha wanawe.

Sasa mshonaji amemshtaki muuzaji mahakamani. Wakili wake ni wifi yake, ambaye hupenda kusema kuwa kaka yake marehemu hakumwachia shamba wala gari, alimwachia mshonaji. Wifi alimweleza kwamba muuzaji akidanganya umri wa nyumba huku anaujua, mkataba unaweza kuvunjwa na pesa zikarudi. Tatizo lilikuwa kuthibitisha kwamba aliujua. Mhandisi alisema kuta ni za zamani. Muuzaji akajibu kuwa alijengea matofali ya nyumba iliyobomolewa. Alihitajika mtu aliyeiona nyumba ile imesimama zamani, na majirani wote walikuwa wahamiaji wa juzi. Bila mtu huyo, mshonaji angebaki na ukuta unaosubiri kuwaangukia wanawe, na hata chumba cha kupanga asingekimudu.

Leo, kesi imekaribia, mtu asiyejulikana anakuja kupapasa kuta. Nani angemtuma kama si muuzaji?

Bibi aliomba kuona chumba cha nyuma. Mshonaji akakataa.

"Dirisha lake mliliziba?" bibi aliuliza.

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Mshonaji aliingia peke yake, akagongagonga ukuta kwa mpini wa mkasi. Mahali pamoja palilia tofauti, penye umbo la mraba. Alirudi nje na kumkaribisha bibi ndani, ingawa mkasi hakuuweka chini.

Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda, akautazama ufa kwa muda mrefu. Aliuliza nani analala hapo. Akaambiwa ni watoto wawili, na kwamba hawana pengine pa kulala.

"Mimi nilijifungulia humu," alisema. "Mtoto wangu wa kwanza. Dirisha lilikuwa wazi."

Mshonaji alimwomba akayaseme maneno hayo mbele ya hakimu. Bibi akataka kwanza kujua kama atakayeshindwa atafungwa. Mshonaji akamweleza kuwa hii si kesi ya jinai. Mtu anarudisha pesa za watu, basi.

"Nitakuja."

"Unaniahidi?"

"Nimesema nitakuja, mwanangu."

Jina alikataa kulitaja. Alisema atalitaja hukohuko.

Wifi aliposimuliwa alishika kiuno. "Shahidi hana jina, anakijua chumba chako kuliko wewe, halafu kajileta mwenyewe. Wifi yangu, mbuzi wa kwenye gunia ulishanunua mmoja. Unataka na wa pili?" Alihofia kwamba bibi angesimama mbele ya hakimu na kusema aliiona nyumba ikijengwa juzi tu, na kesi ingefia hapo. Lakini hawakuwa na shahidi mwingine.

Asubuhi ya kesi, mshonaji aliwaona kwenye ngazi za mahakama. Muuzaji alikuwa amemshika bibi kiwiko. Alimwinamia, akamnong'oneza jambo, kisha akamfunga kifungo cha sweta kilichokuwa kimefunguka. Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Wameshamnunua," mshonaji alisema.

Wifi aliwatazama kwa jicho la pembeni. Alisema bado wanaweza kumwacha, wasimwite kabisa.

Mshonaji aliukumbuka uso wa bibi alipoambiwa nani analala chini ya ufa.

"Mwite. Aliniahidi."

Bibi alipoitwa, muuzaji aliinuka nusu, akakaa tena.

Bibi alikula kiapo kwa sauti ya chini. Alisema nyumba ile iliinuliwa na mume wake kwa mikono yake, naye akaingia humo akiwa bibi harusi. Alisema ndani ya chumba cha nyuma, kabla dirisha halijazibwa, alimzaa mtoto wake wa kwanza. Muda wote huo alitazama mikono yake.

Hakimu aliuliza mtoto huyo ana umri gani.

"Mwaka huu ametimiza arobaini na mmoja."

"Yuko wapi? Anaweza kuja kuthibitisha?"

Bibi akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Yupo hapa, mheshimiwa," alisema, akamgeukia muuzaji. "Simama, baba, wakuone."