Madoa Matatu Kwenye Vanishi

Bendi ya kanisa letu ilinituma mjini Wote kutafuta mdomo wa tromboni, ule mpana kama faneli, kwa sababu wetu ulipondeka. Fundi wa vyombo vya muziki alikuwa nao mmoja uliotumika, alioutoa kwenye tromboni aliyouziwa.

"Shaba ni nzima, mama," alisema. "Ni vanishi tu imeisha hapa shingoni. Jasho la mkono huila. Mwenyewe alikuwa akiibeba hivi."

Akaushika. Vidole vyake vinne havikulingana na madoa. Madoa yalikuwa matatu. Mahali pa kidole cha kati, vanishi iling'aa kama ya jana.

Kidole cha kati cha baba kilikatwa na mashine ya kusaga unga kabla sijazaliwa.

"Nani alikuuzia hii?"

"Kimeu fulani wa Kikima. Alikuja Februari, akalia hapa, akasema babake ameaga."

Kimeu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Baba alikufa Agosti, miezi sita baadaye.

Miezi hiyo yote aliitafuta tromboni yake, chini ya kitanda, ghalani, hata kwa jirani. Kimeu alituambia ni uzee. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono na kumrudisha ndani, nikimwambia:

"Baba, uliipeana mwenyewe. Umesahau tu."